Omba kisa, funzo litafuata: namna ya kumsikiliza mzee na kuhifadhi simulizi ya maisha yake

Wengi wetu tukitaka hekima ya mzee tunamwendea na swali moja kubwa: "Maisha yamekufundisha nini?" Majibu hufanana karibu kila mahali. Fanya kazi kwa bidii, usikope ovyo, heshimu watu, chagua rafiki vizuri. Yote ni kweli, ila ungeweza kuyasikia kwa mtu yeyote. Mzee hajakunyima kitu. Umemwomba miaka 70 au 80 kwa sentensi moja, naye amekupa sentensi. Funzo ambalo ni lake peke yake limo ndani ya visa: kazi aliyoikataa, barua ambayo hakuijibu, mwaka aliohama na kilichomhamisha. Ukiomba kisa na kukifuata hadi mwisho, funzo huja lenyewe, tena likiwa na gharama yake na mashaka yake.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kukaa na mzazi, babu, bibi, shangazi, mwalimu wake wa zamani au jirani mzee, amsikilize vizuri na atunze anachosikia. Kuna pia sehemu fupi kwa mzee anayetaka kuandika mwenyewe.

Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa maneno ya wazi

Usiwashe simu ukarekodi kimyakimya ukidhani utamwambia baadaye. Mweleze unataka nini, kwa nini unataka sasa, na nani atasikia. "Nataka kurekodi ili watoto wangu waje kukusikia" ni sababu nzuri na inaeleweka. Mwambie pia ana haki ya kusema "zima rekodi", kukataa swali, na kubadili mawazo hata baada ya kikao. Mzee anayejua kwamba mlango uko wazi husimulia kwa utulivu zaidi.

Wazee wengine watajibu, "Mimi sina la kusimulia, maisha yangu yalikuwa ya kawaida." Usibishane naye wala usimpambe kwa sifa. Muulize papo hapo jambo moja dogo: nani alikufundisha kusoma? Nyumba mliyokulia ilikuwa na vyumba vingapi, na nani alilala wapi? Akishajibu hilo, ameshaanza.

Fikiria pia kama wewe ndiye mtu sahihi wa kuuliza. Kati ya mwaka 1936 na 1938, waandishi walioajiriwa na serikali ya Marekani walikusanya simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliokuwa wamezaliwa utumwani. Ni hazina kubwa, lakini wanahistoria huisoma kwa tahadhari, kwa sababu wahojaji wengi walikuwa Wazungu wa maeneo yaleyale ya kusini, na mzee Mweusi wa wakati ule alijua vizuri ni maneno gani yangemletea matatizo. Alisema yaliyokuwa salama kusema. Katika familia pia mambo huenda hivyohivyo. Kuna yale ambayo baba hatamwambia mwanawe wa kwanza lakini atamwambia mjukuu, na kuna ambayo mama atamsimulia mkwe wake tu. Ukiona mzee anakuzunguka kwenye jambo fulani, huenda anahitaji msikilizaji mwingine, na hilo lisikuumize.

Hatua ya 2: Jiandae, lakini usije na dodoso

Chora mstari wa maisha yake kwenye karatasi moja: alipozaliwa, alikosoma, kazi, ndoa, watoto, kuhama, misiba. Acha nafasi nyingi wazi. Karatasi hiyo ni ya kukusaidia wewe usipotee, maana mzee hasimulii kwa kufuata kalenda. Huanza katikati, akarudi utotoni, akaruka miaka ishirini.

Watafiti wa kumbukumbu wamegundua jambo linalosaidia sana hapa. Watu wazima wenye umri mkubwa wakiombwa kukumbuka maisha yao, matukio mengi wanayoyataja kwa uwazi hutoka katika miaka yao ya kati ya 10 na 30 hivi. Ni kipindi cha mambo ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, penzi la kwanza, safari ya kwanza mbali na nyumbani. Kwa hiyo anzia hapo. Ukianza na utoto wa mapema mno utapata aliyoyasikia kwa wengine, na ukianza na miaka ya karibuni utapata orodha ya magonjwa.

Tafuta vitu vya kushika mkononi. Picha ni nzuri, ila mara nyingi naona kifaa cha kazi au nguo humfungua mtu haraka kuliko picha, kwa sababu mikono inakumbuka. Cherehani, daftari la mahesabu, ufunguo wa nyumba isiyokuwapo tena, cheti kilichokunjika. Mpe akishike, kisha nyamaza.

Hatua ya 3: Tengeneza mahali na sauti

Sehemu hii ni ya ufundi tu, nayo haihitaji vifaa vya gharama. Simu ya kawaida inatosha ukizingatia haya:

- Kaeni chumba chenye vitambaa, mapazia au zulia. Chumba kitupu chenye kuta ngumu hurudisha mwangwi.
- Zima redio, televisheni na feni. Saa ya ukutani inayogonga iondoe.
- Weka simu karibu na mzee kuliko wewe, umbali wa sentimita 30 hivi, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtikisiko wa meza.
- Weka simu katika hali ya ndegeni, hakikisha ina chaji na nafasi. Programu ikikuruhusu kuchagua aina ya faili, WAV inahifadhi sauti yote. Saa moja ya sauti ya kipaza kimoja huchukua zaidi kidogo ya MB 300. Nafasi ikiwa ndogo, MP3 au M4A inatosha kwa sauti ya kuongea.
- Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, ndipo muanze.

Usikivu wa mzee wenyewe unahitaji uangalifu kuliko simu. Masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo herufi kama s, f na sh hazisikiki vizuri hata pale anaposikia kwamba mtu anaongea. Kupiga kelele hakusaidii, kunaharibu maneno. Kaa mbele yake, mwanga uangukie uso wako ili aone midomo, ongea taratibu kwa sauti nzito kidogo. Kama anatumia kifaa cha kusaidia kusikia, kiwe kimevaliwa na kina betri. Miwani pia iwe karibu.

Saa nzuri ni ile ambayo yeye mwenyewe huwa na nguvu, na kwa wengi ni asubuhi. Kikao kimoja kisizidi saa moja na nusu. Akichoka mapema, simamisha mapema.

Mwanzoni mwa rekodi taja kwa sauti tarehe, jina lake, jina lako na mahali mlipo. Sekunde kumi hizo zitamwokoa mtu atakayeikuta faili hiyo miaka 40 baadaye bila kujua ni nani anaongea.

Hatua ya 4: Uliza

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Swali zuri ni fupi, linahusu kitu kimoja, na haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". "Utoto wako ulikuwa mgumu?" limeshabeba jibu ndani yake. "Nieleze siku ya kawaida ulipokuwa na miaka kumi, tangu kuamka" linamwachia yeye aamue kama ulikuwa mgumu. Epuka kuunganisha maswali mawili, maana atajibu la pili na la kwanza litasahaulika.

Anza na mwili na mahali: ulipita njia gani, ulivaa nini, nani alikuwa amesimama mlangoni, kulikuwa na harufu gani, nani aliongea kwanza. Maswali ya moyoni, kama "ulijisikiaje?", yaache yaje baadaye. Mtu akirudi kwanza pale mahali, hisia hurudi naye bila kuitwa, na ataisema kwa maneno yake. Ukiiomba mapema utapewa neno moja: vizuri, vibaya, nilihuzunika.

Mwombe achore. Mpe karatasi achore ramani ya nyumba aliyokulia au ya mtaa wa ujana wake. Kila chumba kina mtu, kila kona ina ugomvi au mchezo. Yeye akichora, wewe uliza: hapa palikuwa na nini? Kwa nini mlango huu ulikuwa umefungwa? Itunze karatasi hiyo pamoja na rekodi.

Tazama mazungumzo haya ya kubuni kati ya mjukuu na bibi yake.

"Bibi, ulisema uliacha kazi ya kushona. Siku ile uliyoacha, asubuhi ilikuwaje?"
"Ya kawaida tu, mjukuu wangu. Nikaenda, nikashona mpaka mchana, nikachukua mkasi wangu nikaondoka."
"Mkasi ulikuwa wako au wa pale kazini?"
"Wangu. Niliununua kwa mshahara wa kwanza. Siku zote niliuacha pale mezani, siku ile nikautia mfukoni."
"Kwa hiyo ulijua hurudi?"
"Nilijua tangu walipomkata mwenzangu mshahara akiwa mgonjwa. Nikanyamaza miezi mitatu. Kuacha kazi hakuniumizi hata leo. Ile miezi mitatu ndiyo inaniuma."

Angeulizwa moja kwa moja kazi ilimfundisha nini, bibi huyu angesema "usivumilie dhuluma", na mjukuu angeitikia kwa kichwa. Swali la mkasi ndilo lililomfikisha kwenye ile miezi mitatu. Sasa mjukuu anajua kwamba mtu anaweza kuwa na haki, akaondoka kwa heshima, na bado akabeba deni la ukimya wake. Hakuna methali inayosema hivyo kwa ukamilifu huo.

Jifunze kunyamaza. Mzee akimaliza sentensi, subiri. Hesabu moyoni hadi saba au nane. Wengi wetu tunajaza ukimya kwa swali jipya sekunde ya pili, na tunamkatiza pale alipokuwa anaelekea kwenye jambo lenyewe. Badala ya "eeh, eeh" nyingi zitakazoziba sauti yake kwenye rekodi, itikia kwa kichwa na kwa macho.

Kisa kikishasimuliwa hadi mwisho, sasa unaweza kugusa funzo, nalo uliguse kwa maswali yanayomrudisha kwenye uamuzi. Haya hufanya kazi vizuri:

- Wakati ule, ulidhani nini kingetokea?
- Nani alikushauri vingine, na alisema nini?
- Ulikuwa hujui nini ambacho sasa unakijua?
- Kama mtoto wako angekuwa pale pale leo, ungemzuia?
- Kuna jambo ulilowafundisha watu kwa miaka mingi ambalo sasa huliamini tena?

Swali hilo la mwisho ninalithamini kuliko yote. Wazee wamezoea kuombwa uhakika. Mara chache mtu huwaomba mahali walipobadili mawazo, na hapo mara nyingi ndipo penye fikra zao za ndani kabisa.

Hatua ya 5: Machungu yakifika

Yatafika. Huwezi kupita miaka 80 ya mtu bila kukuta kaburi, usaliti au aibu. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kuyapitia upya maisha yaliyopita ni jambo la kawaida kwa mtu anayeuona mwisho ukikaribia, wakati ambapo wengi, madaktari wakiwamo, waliona mzee anayeongea ya kale ni dalili ya akili kuchoka. Butler alisema pia kwamba upitiaji huo unaweza kuleta amani, na unaweza kuleta majuto makali. Beba yote mawili akilini.

Akilia, usikimbilie kubadili mada wala kumwambia asilie. Subiri, mpe maji, muulize: "Tuendelee, tupumzike, au tuache hapa?" Jibu lake liheshimu bila kuomba maelezo. Zima rekodi akitaka, tena aone ukiizima. Mtu aliyepitia vita, kupigwa au kubakwa asichokonolewe eti ili historia ikamilike. Aseme kwa kiasi anachotaka yeye. Usimalize kikao kwenye shimo hilo. Kabla hamjaagana, mrudishe kwenye jambo jepesi alilolitaja mapema, na siku inayofuata mpigie simu umjulie hali. Ukiona siku zinapita naye bado amezama, halali usingizi au hali chakula, atafutiwe msaada wa mtaalamu.

Hatua ya 6: Asipokumbuka sawasawa

Kumbukumbu ya binadamu haihifadhi matukio yalivyo. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba watu wanaporudia hadithi waliyoisoma, huijenga upya kila mara, wakiacha yasiyoendana na mazoea yao na kuongeza yanayoendana. Mzee wako hadanganyi akichanganya miaka. Usimsahihishe katikati ya kisa. Andika pembeni, uthibitishe baadaye kwa vyeti, au kwa kumuuliza, "Hii ilikuwa kabla au baada ya kuzaliwa mtoto wenu wa pili?" Matukio ya familia hushika tarehe kuliko namba za miaka.

Ndugu wawili wakitofautiana kuhusu tukio moja, hifadhi simulizi zote mbili na jina la kila msimuliaji. Kuchagua mmoja ni kufuta mwingine, na mara nyingi tofauti yenyewe inaeleza mengi kuhusu nyumba ile.

Kwa mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, acha kabisa maswali ya mtihani: "Huyu ni nani? Unakumbuka mwaka gani?" Yanamwaibisha. Sema wewe: "Hapa upo na dada yako, mmevaa nguo za kufanana." Kisha msubiri. Nyimbo za ujana wake, vitu vya kushika na kazi rahisi za mikono husaidia. Vikao viwe vya dakika kumi au kumi na tano, na visiwe jioni, maana wengi wao huchanganyikiwa zaidi jua linapozama. Akirudia kisa kilekile, kisikilize tena. Wakati mwingine mara ya nne huwa na kipande ambacho hakikuwapo.

Hatua ya 7: Tunza mara tu kikao kinapokwisha

Siku hiyohiyo, badilisha jina la faili. "Sauti 0047" haitamfaa mtu. Andika tarehe ukianza na mwaka, kisha jina na mada: 2025-03-14_bibi_kazi-ya-kushona_01. Ukianza na mwaka, faili zitajipanga zenyewe.

Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu pekee si hifadhi; huibiwa, huanguka majini.

Kuandika neno kwa neno kunachukua muda: saa moja ya sauti huhitaji saa 4 hadi 6 za kazi, na zaidi kama mzee anachanganya lugha. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinapunguza kazi, ila sikiliza tena mwenyewe, hasa majina ya watu na mahali. Ukikosa muda wa yote, andika angalau muhtasari wenye dakika: 00:12 kazi ya kwanza, 00:31 ugomvi na kaka yake.

Unapoandika, usimsanifishe. Kama huanza kila kisa na "basi bwana", ibaki. Kama hurudia neno akisisitiza, ibaki. Unaweza kuondoa kukohoa na kujikwaa, lakini mpangilio wa maneno yake ndio sauti yake.

Hatua ya 8: Mrudishie

Msomee alichosema, au umpe kwa herufi kubwa asome. Atasahihisha majina, ataongeza mambo, na huenda akaomba sehemu fulani iondolewe. Iondoe. Ukidhani sehemu hiyo ina thamani, mnaweza kukubaliana ifungwe na isisikilizwe mpaka muda fulani, lakini uamuzi ni wake. Fikirieni pia watu wengine waliotajwa ambao wako hai na hawakuulizwa chochote. Andikeni kwa ufupi, kwenye karatasi, nani anaruhusiwa kusikiliza na kama simulizi inaweza kutolewa kwa maktaba au kituo cha kumbukumbu.

Kwa mzee anayeandika mwenyewe

Usianze na "Nilizaliwa". Sura hiyo huwachosha wengi wakaishia hapo. Anza na kisa unachopenda kusimulia, kurasa moja au mbili, ukimwandikia mtu mmoja unayemjua kwa jina. Kesho andika kingine, popote kilipo katika maisha yako. Mpangilio utakuja mwisho. Macho au mkono ukikataa, ongea kwenye simu kana kwamba unampigia mtu huyo. Na ukifika mahali pa kuandika ushauri, jiulize niliupata wapi, na uandike siku ile kwanza.

Kikao cha pili

Usikiache kimoja tu. Cha kwanza mzee hutoa visa alivyovizoea, vile ambavyo familia imeshavisikia. Sikiliza rekodi kabla hujarudi na uandike kila mahali ulipopita haraka: jina lililotajwa mara moja, "lakini hayo tuyaache", mwaka ambao haukugusiwa kabisa. Rudi ndani ya wiki mbili, akiwa bado ana mambo yanayomzunguka kichwani, na uanze na moja kati ya hayo: "Babu, siku ile ulimtaja mtu aliyekukopesha baiskeli. Alikuwa nani?"